Kuchagua Mkanda wa Dari: Ua Huja Mwisho

Mlaji anapoingia dukani kutafuta mkanda wa dari, aghalabu hulakiwa na ukuta mzima uliotundikwa sampuli: mikanda yenye majani, yenye mawimbi, yenye mistari mitupu, yote ikiwa myeupe na ya kuvutia. Muuzaji humwuliza swali moja tu: "Umependa ua gani?" Naye hunyoosha kidole, hulipa na kuondoka. Katika somo hili tunakusudia kuonyesha kwamba swali hilo, ingawa si baya, lilipaswa kuwa la mwisho. Kabla yake yako mengine manne: hali ya paa na dari ikoje, chumba kina kimo gani, mkanda umetengenezwa kwa kitu gani, na makubaliano yameandikwa wapi.

Hatulisemi jambo hili kwa kudharau urembo. Wengi wetu hujenga kwa awamu, mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, na mapambo hufika wakati akiba imekwisha kupungua. Kosa linalofanyika katika hatua hiyo huwa gumu kulirekebisha, kwa kuwa fedha ya kurudia kazi haipo. Ndiyo maana tunaona ni vyema mlaji ajue anachokinunua kabla hajakilipia.

Mkanda wa dari na kazi yake

Mkanda wa dari ni ule ukanda, wenye nakshi au usio na nakshi, unaofungwa kuzunguka chumba mahali ukuta unapokutana na dari. Una kazi mbili. Ya kwanza ni kupamba. Ya pili, ambayo wengi huisahau, ni kuziba mwanya. Kuta za matofali na dari iliyobebwa na mbao haziendi pamoja: mbao huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, na paa la bati hutanuka kwa jua la mchana na kujikunja usiku. Kwa hiyo mstari unaoziunganisha huelekea kupasuka hata katika nyumba iliyojengwa vizuri, na mkanda huuficha ufa huo mwembamba usio na madhara.

Kupamba sehemu za ndani za kuta si jambo geni kwetu. Katika nyumba za mawe za mwambao, kama zile za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, mafundi wa zamani walichonga nakshi kwenye lipu ya chokaa na kuzipanga kuta kwa zidaka. Kilichobadilika ni kwamba leo nakshi hununuliwa ikiwa tayari, na mnunuzi hana budi kuamini kwamba kilicho ndani ya bidhaa kinalingana na uso wake. Imani hiyo inahitaji kusaidiwa na ukaguzi.

Swali la kwanza: hali ya paa na dari ikoje?

Kabla ya kwenda dukani, simama katikati ya kila chumba mchana, ukiwa na tochi, uangalie juu. Tafuta mambo matatu.

La kwanza ni madoa ya rangi ya chai au ya kahawia kwenye dari. Doa la aina hiyo ni alama ya maji yaliyopita hapo. Aghalabu chanzo chake ni tundu la msumari wa bati, bati lililopanda vibaya juu ya jingine, au mfereji uliojaa majani. La pili ni weusi au ukungu kwenye pembe, ambao huonyesha unyevu usiopata njia ya kutoka. La tatu ni ufa. Ufa mwembamba kama unywele unaofuata mstari wa dari ni wa kawaida. Lakini ufa unaoshuka ukutani kwa mshazari, au unaozidi kupanuka mwezi hadi mwezi, unahusu jengo lenyewe na unapaswa kuonwa na fundi mwashi au mhandisi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja anaona doa kwenye pembe ya chumba cha watoto. Fundi anamshauri, "Tuweke mkanda mpana, doa halitaonekana tena." Ushauri huo unapendeza kwa kuwa ni wa bei nafuu kuliko kupanda juu ya paa. Doa linafichwa, na kwa miezi kadhaa chumba kinang'aa. Masika yanapofika, maji yanaingia kwa njia ileile, lakini sasa hayaonekani: yananyonywa na mkanda kwa nyuma. Mkanda unakuwa mzito, gundi inalegea, na usiku mmoja kipande kizima kinaanguka juu ya kitanda. Ikiwa watoto hawakuwapo kitandani, hasara ni ya fedha tu. Ikiwa walikuwapo, hakuna bei inayoweza kutajwa.

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Nasi tunaongeza kwamba mkanda haukuumbwa kuwa kizibo cha ufa wa aina hiyo. Mkanda hupamba, hautibu. Fundi anayekushauri kuficha uvujaji badala ya kuuondoa hakupunguzii gharama. Anaiahirisha, na kwa kawaida huirudisha ikiwa kubwa zaidi. Tengeneza paa kwanza, subiri mvua moja au mbili nzito zipite, kisha ununue mkanda.

Tahadhari moja ya ziada inawahusu wakazi wa nyumba za zamani. Ikiwa dari au paa limetengenezwa kwa asbesto, usiruhusu likatwe, litobolewe wala lisuguliwe ili kufunga mkanda. Vumbi la asbesto likivutwa pumuni laweza kusababisha saratani na magonjwa mengine ya mapafu yanayojitokeza baada ya miaka mingi. Tafuta kwanza ushauri wa wataalamu.

Swali la pili: chumba kina kimo gani?

Mkanda mpana katika chumba kifupi hukifanya kionekane kama kimeshushwa juu ya vichwa vya watu, na mkanda mwembamba katika ukumbi mrefu hupotea kabisa. Kama mwongozo wa jumla, kwa dari iliyo mita 2.4 kutoka sakafuni, mkanda unaoshuka ukutani kwa sentimita 7 hadi 12 hutosha. Kwa mita 2.7, sentimita 10 hadi 15. Kwa mita 3 na zaidi, sentimita 12 hadi 20. Hii si sheria. Ni mahali pa kuanzia.

Hapa pana kosa linalowapata wengi. Maduka mengi hutaja upana wa uso wa mkanda, yaani ule upande wa nakshi unaotazama chumbani. Lakini mkanda hukaa kwa mshazari kati ya ukuta na dari, hivyo unachokiona ukutani ni kidogo kuliko upana huo. Mkanda wenye uso wa sentimita 14, ukikaa kwa pembe ya nyuzi 45, hushuka ukutani kwa takriban sentimita 10 tu. Mwulize muuzaji vipimo vyote viwili: unashuka ukutani kiasi gani, na unaingia kwenye dari kiasi gani.

Njia rahisi ya kujihakikishia ni kukata karatasi ngumu ya boksi kwa upana unaoukusudia, kuibandika juu ukutani, kisha kuitazama ukiwa mlangoni na ukiwa umeketi. Angalia pia kama mkanda utagongana na pelmeti au bomba la pazia, kabati refu, au fremu ya dirisha iliyo karibu na dari. Jambo hilo linatatuliwa kwa dakika tano kabla ya ununuzi. Baada yake hutatuliwa kwa msumeno.

Swali la tatu: mkanda umetengenezwa kwa kitu gani?

Mikanda inayopatikana sokoni haifanani, hata ikiwa myeupe yote. Tunazieleza hapa aina nne kuu.

Jasi, ambayo madukani huitwa jipsamu, ni madini yanayochimbwa pia hapa nchini, kwa mfano Makanya mkoani Kilimanjaro. Jasi ikichomwa hupoteza sehemu kubwa ya maji yaliyo ndani yake na kuwa unga. Unga ukichanganywa na maji hushika tena na kuwa mgumu. Mkanda wa jasi humiminwa kwenye kalibu, na ulio bora hutiwa nyuzi za katani au za kioo ili usikatike. Una sifa njema: nakshi yake ni safi, viungo vyake huzibwa kwa unga uleule hata visionekane, na hauwaki moto. Udhaifu wake ni maji. Ukilowa mara kwa mara hupoteza nguvu na kumomonyoka. Pia ni mzito, hivyo hautoshi kubandikwa kwa unga pekee; ufungwe kwa skrubu zinazofika kwenye mbao za dari au ukutani.

Mkanda wa povu jepesi ni ule unaofanana na povu jeupe linalozuia televisheni isivunjike ndani ya boksi. Ni wa bei ndogo, huchukuliwa kwa mkono mmoja, na hubandikwa kwa gundi tu. Hata hivyo hubonyea ukiguswa, gundi isiyo yake huweza kuuyeyusha, na ukishika moto huyeyuka, hudondoka na kutoa moshi mzito. Hatushauri uwekwe jikoni, wala karibu na taa inayotoa joto.

Mkanda wa plastiki ya PVC hauogopi maji, hivyo unafaa bafuni na mahali penye mvuke. Ubaya wake ni kwamba hutanuka na kusinyaa kwa joto, na viungo vyake huonekana zaidi kuliko vya jasi. Plastiki duni hugeuka rangi ya njano kwa mwanga wa jua.

Mkanda wa mbao hupendeza na hudumu ikiwa mbao ilikauka vizuri kabla ya kuchongwa. Mbao mbichi hupinda, na mbao isiyotiwa dawa hukaribisha mchwa. Mikanda ya unga wa mbao ulioshindiliwa huonekana kama mbao lakini huvimba ikipata maji.

Ukiwa dukani, fanya ukaguzi huu mfupi. Tazama mkanda kwa nyuma, si kwa mbele pekee: kwenye jasi, nyuzi zinapaswa kuonekana na kusiwe na matundu mengi ya hewa. Gonga kwa kidole: jasi iliyokauka hutoa mlio mkavu, iliyo mbichi huwa na mlio mzito na huhisi baridi mkononi. Lala nao kwa jicho, yaani utazame kutoka ncha moja hadi nyingine, uone kama umenyooka. Kisha weka mikanda miwili ncha kwa ncha: ua la mmoja likutane na ua la mwingine bila kuachana. Mikanda iliyotoka kwenye kalibu tofauti huweza kupishana kwa milimita chache, na milimita hizo huonekana maisha yote ya nyumba.

Hesabu kabla ya fedha

Bei ya mkanda mmoja haikuambii lolote mpaka ujue urefu wake. Tuseme duka la kwanza linauza mkanda wa mita 2 kwa shilingi 6,000, na la pili linauza wa mita 2.4 kwa shilingi 6,600. Kwa mtazamo wa haraka, la kwanza ni rahisi. Lakini ukigawa bei kwa urefu, la kwanza ni shilingi 3,000 kwa mita, na la pili ni shilingi 2,750.

Sasa tupime chumba chenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 3.5. Mzunguko wake ni mita 15. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kukata pembe na kuvunjika. Zinakuwa mita 16.5. Kwa mikanda ya mita 2 utahitaji 9, ambayo ni shilingi 54,000. Kwa mikanda ya mita 2.4 utahitaji 7, ambayo ni shilingi 46,200. Bei hizi ni za mfano, lakini njia ni ileile kwa bei zozote. Ukichagua ua kubwa linalopaswa kukutana sawasawa kwenye viungo, ongeza mkanda mmoja zaidi, kwa kuwa fundi atalazimika kukata pasipo na ua kamili.

Pima mwenyewe kwa tepu, ukuta kwa ukuta, wala usikubali kipimo cha kukisia. Vyumba vingi havina pembe zenye nyuzi 90 kamili, na kuta mbili zinazotazamana huweza kutofautiana. Dukani pia pima mkanda wenyewe, uone kama urefu uliotajwa ndio uliopo.

Kumbuka kwamba mkanda ni sehemu tu ya gharama. Andika pia unga wa kuzibia, skrubu au gundi, usafiri, rangi, na ujira wa fundi. Mafundi wengine hutoza kwa mita, wengine kwa mkanda, wengine kwa chumba. Ili kuwalinganisha, igeuze bei ya kila mmoja iwe ya mita moja.

Swali la nne: makubaliano yameandikwa wapi?

Mkanda huuzwa kwa sampuli, na jambo hilo lina uzito wa kisheria. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, bidhaa inayouzwa kwa sampuli inapaswa kulingana na sampuli hiyo, na inayouzwa kwa maelezo inapaswa kulingana na maelezo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Muuzaji aliyekuonyesha mkanda wenye nyuzi akakuletea usio na nyuzi, au aliyekuambia kwamba unahimili maji ilhali ni jasi ya kawaida, hajatimiza wajibu wake.

Lakini haki isiyo na ushahidi hudhoofika. Kwa hiyo:

Piga picha ya sampuli uliyoichagua, mbele na nyuma, na ikiwezekana omba kipande kidogo ukihifadhi.

Dai risiti ya mashine ya kielektroniki. Kuidai ni haki yako na pia ni wajibu wako. Hakikisha inaonyesha bidhaa, idadi na kiasi halisi ulicholipa.

Andikianeni na fundi, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari: kazi itakayofanyika, vyumba vinavyohusika, njia ya kufunga mkanda, siku ya kumaliza, nani analipia mikanda itakayovunjika, na muda ambao fundi atarekebisha bure kitakachoachia. Nyote mtie saini.

Usilipe ujira wote mwanzoni. Gawanya malipo kwa hatua za kazi, na ubakize sehemu ya mwisho mpaka umekagua. Ukilipa kwa simu, tunza ujumbe wa muamala.

Maduka mengi huweka bango lisemalo "Mali ikishauzwa hairudishwi." Ni vyema kulielewa. Ikiwa umebadili mawazo tu, au ulikosea kupima, muuzaji halazimiki kukurudishia fedha. Lakini bango halimwondolei wajibu ikiwa bidhaa ina kasoro au si ile mliyokubaliana. Kagua mikanda inaposhushwa, si wiki mbili baadaye. Iliyopasuka iorodheshe mbele ya aliyeileta.

Kukagua kazi iliyokamilika

Kabla ya malipo ya mwisho, zima taa ya chumba na umulike mkanda kwa tochi kutoka pembeni, sambamba na ukuta. Mwanga wa pembeni hufichua mabonde na viungo ambavyo mwanga wa mbele huvificha. Tazama pembe nne za chumba: zikutane bila mwanya na bila kujazwa unga mwingi. Kisha usukume mkanda polepole kwa kiganja mahali kadhaa. Usicheze wala kutoa sauti ya uwazi. Usiruhusu rangi ipakwe kabla unga haujakauka kabisa, kwa sababu unyevu uliofungiwa ndani hutokeza malengelenge.

Mambo yasipokwenda sawa, anza na muuzaji au fundi mwenyewe, ukieleza kasoro kwa maandishi na picha, na kumpa muda unaofaa wa kurekebisha. Asipofanya hivyo, malalamiko ya mlaji kwa upande wa Tanzania Bara hupelekwa Tume ya Ushindani; kwa Zanzibar, hupelekwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Masuala ya ubora wa bidhaa yanaweza kufikishwa Shirika la Viwango Tanzania, na yale ya vipimo pungufu Wakala wa Vipimo.

Maswali ya kujipima

1. Umeona doa la kahawia kwenye pembe ya dari, na fundi anapendekeza mkanda mpana. Utamjibu nini, na utaanza na kazi ipi?

2. Chumba chako kina urefu wa mita 5 na upana wa mita 4. Utahitaji mikanda mingapi ya mita 2.4, ukiongeza sehemu moja ya kumi?

3. Ni mkanda wa aina gani ungeuchagua kwa bafu, na ni upi usingeuweka jikoni? Eleza sababu.

4. Muuzaji amekuletea mkanda usiolingana na sampuli, akakuonyesha bango la "hairudishwi." Una ushahidi gani mkononi, na haki yako ni ipi?

Jibu la swali la pili ni mikanda 9: mzunguko ni mita 18, zikiongezwa zinakuwa mita 19.8, na mikanda 8 ingetoa mita 19.2 tu. Majibu ya maswali mengine yamo katika somo. Ukiweza kuyatoa yote bila kurudi nyuma, nenda dukani ukiwa na tepu mkononi, na muuzaji akikuuliza umependa ua gani, chagua kwa moyo mweupe.